UZI: Sheria mpya za kikapu cha vyuo Marekani, kwa nini wanawake ndio wanaoanza?

#1 KonaYaKikapu
Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja.

Wanawake na wanaume wa vyuo Marekani wako chini ya NCAA (shirikisho la michezo ya vyuo) ile ile lakini hawachezi kwa kitabu kimoja. Wanawake wanacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16. Wanaume bado wana vipindi viwili vya dakika 20. Wanawake wana saa ya shambulizi (muda wa timu kurusha) ya sekunde 30 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanaume walikaa bila saa yoyote hadi 1985-86, wakaanza na sekunde 45, wakashuka hadi 35 mwaka 1993-94, na 30 wameifikia 2015-16. Dakika ya mwisho, mwanamke akiita taimauti (mapumziko mafupi) anaruhusiwa kuusogeza mpira mbele. Mwanaume haruhusiwi.

Hoja yangu ni kwamba mchezo wa wanawake ndio maabara. Jambo linajaribiwa kule, likifaulu, wanaume wanalichukua baada ya miaka. Mwenye maelezo tofauti ayalete.

#2 FilimbiMbili
Mkuu, nusu ya hoja nakupa, nusu nainyima.

Mstari wa pointi tatu ulikwenda kinyume na unavyosema. Wanaume waliupata 1986-87, wanawake 1987-88, wote kwa futi 19 na inchi 9, yaani mita 6.02. Wanaume wakausogeza hadi futi 20 na inchi 9 (mita 6.32) mwaka 2008-09, wanawake wakafuata 2011-12. Wanaume wakachukua umbali wa kimataifa wa mita 6.75 mwaka 2019-20, wanawake 2021-22. Hizo ni mara tatu mfululizo wanaume wametangulia.

Halafu kuna sekunde 10 za kuvuka mstari wa kati. Wanaume wanayo sheria hiyo tangu 1932-33. Wanawake wa vyuo wameipata 2013-14, miaka themanini baadaye. Hapo maabara ni ya nani?

#3 NusuUwanja
FilimbiMbili, mfano wa sekunde 10 unaupindisha kidogo. Wanaume waliihitaji mapema kwa sababu hawakuwa na saa ya shambulizi. Timu ikiongoza ilikuwa inaficha mpira uwanja mzima, kwa hiyo kuwalazimisha wavuke kulipunguza eneo la kujificha. Wanawake walikuwa tayari na sekunde 30, na saa hiyo ndiyo iliyokuwa inawasukuma. Ukikawia nyuma, unajipunguzia muda wa kushambulia mbele.

Kilichokosekana kilikuwa malipo kwa anayekaba uwanja mzima. Kabla ya 2013, timu ikibanwa kwenye kona ya nyuma, pointi gadi (mchezeshaji) anaurudisha kwa mwenzake, mwenzake anauvusha upande wa pili, sekunde 14 zinapita na hakuna filimbi. Mkabaji kakimbia, kachoka, hajapata kitu. Baada ya 2013 kazi ile ile inampa mpira. Ndiyo maana makocha walianza kuona ukabaji wa uwanja mzima wa 1-2-1-1 na 2-2-1 (namna wakabaji wanavyopangwa kwa safu) una faida hata usipouiba mpira. Unahitaji tu kumchelewesha mchezeshaji mpaka sekunde ya 8, halafu unamzibia njia ya pembeni.

#4 MezaniKwanza
Naleta ya mezani (wanakoandikwa alama na faulo), maana watu wanazungumzia robo bila kuingia ndani yake.

Mfumo wa zamani wa wanawake, ambao wanaume bado wanautumia: faulo za timu zinahesabiwa kwa kipindi cha dakika 20. Faulo ya 7 inaleta mtupo huru mmoja, ukiingia unapewa wa pili. Faulo ya 10 na kuendelea ni mitupo miwili moja kwa moja.

Mfumo wa robo: hesabu inaanza upya kila robo. Faulo nne za kwanza hazina mitupo kama mchezaji hakuwa anarusha. Ya 5 ni mitupo miwili. Ule wa mmoja kisha wa pili umefutwa kabisa.

Makosa yanayotokea mezani ni mawili. La kwanza, mtu anasahau kurudisha ubao wa faulo za timu kuwa sifuri robo inapoanza. La pili ni baya zaidi: anairudisha sifuri muda wa nyongeza unapoanza. Hapana! Muda wa nyongeza ni mwendelezo wa robo ya nne. Timu iliyomaliza robo ya nne na faulo 6 inaanza nyongeza ikiwa tayari kwenye adhabu. Ukikosea hapo unainyima timu mitupo miwili ndani ya dakika 5 za mwisho, na ugomvi wake hauishi leo.

#5 DogoWaKona
Nauliza kwa nia njema. Ina maana dada mwenye faulo tatu robo ya kwanza anaanza ya pili akiwa msafi?

#6 MezaniKwanza
Hapana dogo. Kinachofutwa ni hesabu ya TIMU. Faulo za mchezaji zinamfuata dakika zote 40, na za nyongeza zikiwapo. Ya tano, anakaa nje. Kwenye karatasi ni safu mbili tofauti, usizichanganye.

#7 HesabuZaKikapu
Asante MezaniKwanza. Niweke thamani ya pointi kwenye hayo mabadiliko.

Mchezaji anayeingiza asilimia 70 ya mitupo huru. Kwa mtupo mmoja kisha wa pili, anategemewa pointi 0.70 + (0.70 × 0.70) = 1.19. Kwa mitupo miwili ya uhakika ni 1.40. Wa asilimia 60 anapata 0.96 dhidi ya 1.20. Wa asilimia 80 anapata 1.44 dhidi ya 1.60.

Angalieni nani kafaidika zaidi. Kwa wa asilimia 60 pengo ni 0.24, kwa wa 70 ni 0.21, kwa wa 80 ni 0.16. Yaani sheria mpya inamlinda mrushaji dhaifu. Zamani ulikuwa unamtafuta senta asiyejua kurusha, unamfaulu kwenye faulo ya 7, 8 au 9, na mara nne kati ya kumi mtupo wa kwanza unakosa na unadaka rebaundi (mpira uliorudi). Siku hizi mtupo wa kwanza ukikosa mpira umekufa, anapewa wa pili. Ile mbinu imepungua nguvu.

#8 BenchiLaUfundi
HesabuZaKikapu, hesabu zako ziko sawa ila umeacha upande wa pili wa mizani. Mfumo wa robo unatoa pia faulo za bure zaidi kwa timu yenye nidhamu. Faulo 4 robo ya kwanza na 4 ya pili ni faulo 8 ndani ya dakika 20 bila kutoa mtupo hata mmoja. Kwa mfumo wa zamani ya 7 na ya 8 zingekuwa zimeshaadhibiwa.

Kwa hiyo anayelipa ni timu inayorundika. Timu ikipata faulo 5 ndani ya dakika 4 za mwanzo, imejifunga dakika 6 zilizobaki za robo. Kila mguso nje ya mstari wa tatu unageuka mitupo miwili. Kwa wanaume timu ya aina hiyo bado ina pumzi mpaka ya 7.

Kuna na faulo ya kutoa. Zimebaki sekunde 8 za robo, una faulo mbili tu, wapinzani wanaanza shambulizi la mwisho. Unamgusa mwenye mpira kwa namna ya kuuchezea mpira, wanaanza upya kutoka pembeni, zimebaki sekunde 5. Unarudia, zimebaki 2. Wanawake wana nafasi hiyo mara nne kwa mechi, wanaume mara mbili. Kocha mzuri anajua idadi ya faulo zake kila inapobaki dakika moja ya robo. Asiyejua anafaulu mara moja zaidi na anazawadia mitupo miwili.

#9 SautiYaPembeni
Ngoja niongeze umiliki wa mwisho wa robo, maana nao umeongezeka kutoka miwili hadi minne. Kwa saa ya sekunde 24, kama ya WNBA (ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani), watu wamezoea kurusha zikibaki 32 mpaka 30 ili wapate shambulizi mbili dhidi ya moja. Kwa saa ya 30 hilo halifanyi kazi. Ukirusha zikibaki 36 na wapinzani wakadaka kwenye 34, wakitumia sekunde zao zote 30 unabakiwa na 4. Sekunde 4 zinakupa mkimbio na mtupo wa kubahatisha. Ukitaka shambulizi la maana inabidi urushe kwenye 42 mpaka 45, na ukifika huko mara nyingi unakuwa umekimbilia mtupo mbaya. Ndiyo maana kwenye vyuo mbinu hiyo inaonekana kwa nadra kuliko WNBA.

#10 KonaYaKikapu
Shukrani, nimeandika pembeni. Lakini bado hamjajibu KWA NINI wanawake walikwenda kwenye robo na wanaume wakabaki.

#11 MtazamajiWaUsiku
Televisheni. Wanaume wana mapumziko ya matangazo manne kila kipindi: mpira unaposimama kwa mara ya kwanza zikibaki chini ya dakika 16, 12, 8 na 4. Jumla manane, ukiacha mapumziko ya katikati. Ukivunja vipindi kuwa robo, ratiba hiyo yote inapanguka. Wanawake wana moja katikati ya kila robo, mpira unaposimama zikibaki dakika 5 au chini yake, pamoja na mwisho wa robo ya kwanza na mwisho wa ya tatu. Jumla sita. Mwenye mkataba mnono wa televisheni hawezi kuchezea nafasi za matangazo ovyo. Wanawake mwaka 2015 walikuwa na uhuru zaidi kwa kuwa fedha zilizokuwa mezani zilikuwa kidogo.

#12 PembeTatu
Sikubali kwamba ni televisheni peke yake. Tazama ramani. FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) walihamia robo nne za dakika 10 na sekunde 24 mwaka 2000. WNBA wakafanya hivyo hivyo 2006. Mwaka 2015 mchezaji wa kike wa chuo Marekani alikuwa kwenye kisiwa: akienda timu ya taifa ni robo, akienda WNBA ni robo, chuoni peke yake ni vipindi viwili. Kwa mwanaume ni tofauti, hata NBA na FIBA hawafanani kwa urefu wa robo. NBA ni dakika 12.

Kwa wasomaji wa huku kwetu hili lina maana. Ligi zetu zote zinafuata FIBA. Madina Okot wa Kenya, senta, alitoka chuo cha Zetech akaenda vyuo vya Marekani, Mississippi State, kisha South Carolina. Robo za dakika 10 na faulo ya 5 alikuwa anazijua. Vilivyobadilika ni vingine: sekunde 30 badala ya 24, na eneo la sekunde tatu (lililo mbele ya ringi, mshambuliaji hakai humo zaidi ya sekunde 3) lenye upana wa futi 12, yaani mita 3.66, badala ya mita 4.90 za FIBA. Gawanya tofauti hiyo kwa mbili, kila upande senta anasimama karibu sentimita 62 jirani zaidi na ringi. Kwa mtu wa urefu wake hiyo ni hatua nzima ya kudunda ameokoa.

#13 FilimbiMbili
PembeTatu, umesahau kubwa kuliko zote kwa senta. FIBA, mpira ukishagusa ringi unaweza kuupiga au kuudaka hata kama bado unacheza juu ya ringi. NCAA hapana. Mpira ukiwa juu ya ringi, au ndani ya ule mviringo wa hewa juu yake, haushikwi na mtu yeyote. Mshambuliaji akiugusa, kikapu kinakataliwa. Mlinzi akiugusa, pointi zinahesabiwa. Senta aliyekulia kwenye FIBA ana mkono uliozoea kufagia mpira juu ya ringi, na mkono huo unachukua muda kuufundisha kusubiri.

#14 PembeTatu
Sahihi kabisa, nimesahihishwa. Asante.

#15 MamaWaKikapu
Nawasoma tangu mwanzo. Mnaongea kana kwamba majaribio yameanza 2015. Kikapu cha wanawake kilizaliwa kikiwa jaribio. Senda Berenson alikipeleka Smith College, Massachusetts, mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya mchezo kubuniwa. Akaugawa uwanja sehemu tatu na mchezaji hakuruhusiwa kutoka kwenye sehemu yake. Kunyang'anya mpira mkononi mwa mwenzako ilikuwa marufuku. Kuushika, mwisho sekunde 3. Kuudunda, mwisho mara 3.

Baadaye uwanja ukawa na sehemu mbili, wachezaji sita kwa timu, watatu wanashambulia tu na watatu wanalinda tu. Miaka ya 1960 ndipo walipoanza kufungua kamba kidogo kidogo: kwanza wachezaji wawili wakaruhusiwa kuzunguka uwanja mzima, kisha kudunda bila kikomo, na mwaka 1969 wakajaribu watano kwa watano uwanja mzima. Jaribio hilo likawa sheria rasmi 1971. Kule Iowa shule za sekondari za wasichana ziliendelea na sita kwa sita hadi 1993.

Kwa hiyo KonaYaKikapu, jibu langu kwako: wanawake walikuwa na vyombo vyao vya kutunga sheria muda wote huo, mbali na wanaume. NCAA yenyewe ilianza mashindano ya wanawake 1982 tu. Tabia ya kuandika kitabu chako mwenyewe haifutiki kwa kuhamia chini ya paa jipya. Hata leo kamati ya sheria ya wanawake ni tofauti na ya wanaume.

#16 NusuUwanja
Umenena, mama. Na saa ya sekunde 30 ilitoka kwenye kipindi hicho hicho cha miaka ya 1969 hadi 1971. Ukiwafungulia wachezaji uwanja mzima na kudunda bila kikomo bila kuweka saa, unaruhusu timu inayoongoza kudunda mpaka kesho. Wanaume waliishi na tatizo hilo kwa zaidi ya miaka kumi mingine.

#17 KitabuChaSheria
Kuna jambo la utaratibu halijasemwa. Kila kamati inabadilisha kitabu mara moja kwa miaka miwili. Ndiyo maana tarehe zenu nyingi zinaangukia 2013, 2015, 2017, 2019, 2021, 2023, 2025. Katikati hapo panabaki marekebisho madogo na mambo ya usalama. Kamati inapendekeza, kisha jopo la usimamizi la NCAA linapitisha au linakataa.

Na kuhusu maabara, wanaume wanayo yao: NIT, yale mashindano ya pili mwezi wa Machi. Mwaka 2015 NIT ilijaribu sekunde 30 na upinde wa futi 4 chini ya ringi (ndani yake mlinzi hadai faulo ya kugongwa), vyote vikawa sheria msimu uliofuata. Mwaka 2017 ikajaribu kufuta mtupo wa mmoja kisha wa pili na kuanza upya faulo za timu kila dakika 10. Mwaka 2018 ikaenda mbali zaidi: robo nne kamili, mstari wa tatu wa kimataifa, eneo la sekunde tatu la futi 16, na saa kurudi sekunde 20 baada ya rebaundi ya ushambuliaji. Mstari na sekunde 20 vikapita kwa wanaume 2019-20. Robo hazikupita. Eneo la futi 16 halikupita.

#18 KonaYaKikapu
Hapo umenipa nguvu! Robo zimechezwa na wanawake tangu 2015, wanaume wakazijaribu NIT 2018, bado wakaziacha. Walikuwa na ushahidi wa miaka mitatu mikononi.

#19 KitabuChaSheria
Ushahidi wa nini, kaka? Kwamba wanawake walicheza vizuri kwa robo hakumwambii kocha wa wanaume kama timu yake ya wachezaji saba itahimili faulo ya 5. Ndicho BenchiLaUfundi alichoeleza pale #8. Robo zinabadilisha hesabu ya faulo, hesabu ya faulo inabadilisha ulinzi, na ulinzi unabadilisha aina ya wachezaji unaowasajili. Umeondoa jiwe moja, ukuta mzima unacheza.

#20 FundiWaUwanja
Nimeona mstari wa tatu umetajwa mara nyingi na hakuna aliyesema unavyopimwa. Tofauti ya wanaume na wanawake ilileta adha halisi kwenye sakafu. Kuanzia 2008 hadi 2011, na tena 2019 hadi 2021, viwanja vya vyuo vilikuwa na mistari miwili ya tatu, mmoja wa wanaume na mwingine wa wanawake, kwa rangi mbili. Mwamuzi akitazama kiatu lazima kwanza akumbuke leo ni mechi ya nani.

Kupima: teremsha timazi kutoka katikati ya ringi hadi sakafuni. Kwa vyuo nukta hiyo iko futi 5 na inchi 3 kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, kwa sababu uso wa ubao uko futi 4 ndani na katikati ya ringi iko inchi 15 mbele ya ubao. Kutoka nukta hiyo vuta futi 22, inchi 1 na robo tatu hadi ukingo wa NJE wa mstari. Kosa la kwanza la mafundi ni kupima kutoka chini ya ubao badala ya katikati ya ringi. Hilo peke yake ni inchi 15, sentimita 38. Kosa la pili ni kupima hadi ukingo wa ndani, hapo unapoteza inchi 2 za upana wa rangi.

Kona ndiyo yenye mtego. Uwanja una upana wa futi 50, yaani futi 25 kila upande wa ringi. Mstari wa zamani wa futi 20 na inchi 9 ulikuachia futi 4 na inchi 3 hadi mstari wa pembeni. Umbali wa sasa kwenye kona ni futi 21 na karibu inchi 8, umebakiwa na futi 3 na inchi 4 hivi, kama mita 1.02. Mrushaji anayepanua miguu akidaka pasi anakanyaga nje. Kwa hiyo kona inafundishwa upya: udake ukiwa umeshageuka, kisigino cha nje kikiwa kimewekwa kabla pasi haijafika.

#21 MtazamajiWaUsiku
Na hata wakubwa wanakosea. Machi 2024 pale Portland, mashindano ya NCAA ya wanawake yenyewe, iligundulika mstari wa tatu wa upande mmoja umechorwa karibu na ringi kuliko mwingine, upungufu wa kama inchi 9. Timu za vyuo vya Texas na NC State zilikuwa uwanjani zinajiandaa. Zikakubali kucheza hivyo hivyo. Mechi tano zilichezwa kwenye sakafu hiyo kabla ya kurekebishwa.

#22 DogoWaKona
Inchi 9 ni sentimita 23! Na mrushaji hakuhisi?

#23 SautiYaPembeni
Dogo, mrushaji mzuri anapima kwa ringi, hatazami mstari. Caitlin Clark wa Iowa alicheza msimu wake wa kwanza, 2020-21, kwa mstari wa mita 6.32, na mitatu iliyofuata kwa 6.75. Sentimita 43 zaidi. Alimaliza na pointi 3,951, na mitupo yake mingi ilitoka mbali kuliko mstari wowote kati ya hiyo. Mstari unamgusa zaidi yule wa kawaida anayesimama kwenye ukingo wake, na unamgusa mlinzi anayetakiwa kutoka ndani kumkimbilia. Njia yake ya kukimbia imerefuka.

#24 BenchiLaUfundi
Turudi kwenye kusogeza mpira, maana #1 ameitaja na ikapita. Hii nayo ni ya wanawake tangu 2015-16. Masharti yake:

Iwe sekunde 59.9 za mwisho za robo ya nne au za nyongeza. Timu iwe imepata haki ya mpira: imefungwa kikapu, imedaka rebaundi, au mpira umebadili mkono. Iite taimauti PAPO HAPO, kabla ya kudunda kuelekea mbele au kupasi. Hapo kocha anaweza kuomba mpira uanzie mbele, kwenye alama ya futi 28.

Linaloharibika ni hili: mchezaji anadaka rebaundi, kwa mazoea anadunda mara mbili kutafuta nafasi, ndipo anasikia benchi linapiga kelele. Haki imeshapotea. Taimauti anapewa, lakini mpira unaanzia nyuma. Kwa sekunde 4 zilizobaki hiyo ni tofauti kati ya mtupo uliopangwa na pasi ndefu ya kubahatisha. Dawa ni kuifanyia mazoezi: kila mmoja wa watano uwanjani ajue kwamba akidaka, mikono inabaki juu na mdomo unaita.

#25 FilimbiMbili
Mimi sheria hiyo siipendi na nasema wazi. Timu iliyolinda vizuri na kufunga kikapu cha kuongoza inastahili mpinzani asafiri uwanja mzima wa futi 94. Unamzawadia umbali kwa sababu tu ana taimauti mfukoni. Wanaume wamefanya vema kuikataa.

#26 MamaWaKikapu
Mwanangu, mtazamaji naye ana haki ya kuona shambulizi la mwisho lililopangwa. Sekunde 3 na uwanja mzima, utaona nini zaidi ya mpira kurushwa kama jiwe la kombeo?

#27 FilimbiMbili
Shikamoo mama, tutofautiane kwa heshima. Jiwe la kombeo likiingia nalo watu wanalikumbuka miaka.

#28 DogoWaKona
Mmesahau la ringi. Geno Auriemma, kocha wa wanawake wa chuo cha UConn (Connecticut), mwaka 2012 alitaka ringi ya wanawake ishushwe kama inchi 7. Kwa nini halikujaribiwa?

#29 FundiWaUwanja
Kwa sababu ya vyuma, dogo. Ringi za mechi za watu wazima duniani ziko futi 10, mita 3.05. Ukishusha inchi 7 unakuja kwenye mita 2.87 hivi. Ubao mwingi wa kumbi umefungwa imara ukutani au umening'inizwa darini, haushuki. Ukumbi mmoja unatumiwa na wanaume na wanawake siku hiyo hiyo. Na msichana wa sekondari, wa Iowa au wa Mombasa, aanze lini kujifunza ringi ya chini? Mpira ulibadilishwa kirahisi kwa kuwa mpira unabebwa kwenye begi. NCAA iliwapa wanawake mpira mdogo wa mzingo wa inchi 28.5 mwaka 1984-85, FIBA wakafuata 2004. Ringi haibebwi.

#30 HesabuZaKikapu
Hapo KonaYaKikapu anapata mfano mwingine. Mpira mdogo ulianzia vyuoni, dunia ikafuata baada ya miaka 20.

#31 KonaYaKikapu
Naupokea. Ila wanaume hawawezi kufuata hilo, kwa hiyo kwenye hoja yangu ya maabara hauingii. Nakiri pia #2 alinibana kwa mstari wa tatu.

#32 MezaniKwanza
Kuna mambo yanayoingia kwa wote pamoja pia, yasisahaulike. Namba za jezi: zamani ziliruhusiwa tarakimu 0 hadi 5 tu, kwa kuwa mwamuzi anatuonyesha sisi mezani kwa vidole vya mkono mmoja kwa makumi na mwingine kwa moja moja. Ilikuwa namba 37 tu, ukihesabu 0 na 00. Kuanzia 2023-24 ni 0 hadi 99, wanawake na wanaume. Faulo ya namba 78 sasa inahitaji mikono miwili mara mbili, saba kisha nane, na mwandishi wa karatasi asitoe macho kwa mwamuzi mpaka amalize. Na 2025-26 makocha wa pande zote mbili wamepewa haki ya kupinga maamuzi kwa video, mfano nani kautoa mpira nje.

#33 MtazamajiWaUsiku
Wanaume wameshaanza kuzungumzia robo upya, na ugumu wanaoutaja ni ule ule wa nafasi za matangazo. Narudia yangu ya #11.

#34 PembeTatu
Nami narudia ya #12. Kama ni matangazo, NBA wanauza kuliko wote na wana robo nne.

#35 MtazamajiWaUsiku
NBA wana dakika 48, nafasi ni nyingi. Jaribu kupanga mapumziko manane ndani ya robo za dakika 10 uone. Mawili kila robo ni mpira kusimama kila baada ya dakika tatu na kitu.

#36 MezaniKwanza
Hapana, hesabu hiyo isahihishwe. Mwisho wa robo ya kwanza na wa tatu ni mapumziko tayari, yanachukua mawili kati ya manane. Yanabaki sita kwa robo nne. Swali ni robo zipi mbili zitapewa la ziada, na la ziada hilo liwekwe kwenye dakika ya ngapi bila kugongana na taimauti za makocha.

#37 BenchiLaUfundi
Ya pili na ya nne. Lakini ukiliweka la ziada robo ya nne chini ya dakika 3, kocha mwenye timu iliyochoka anakaa na taimauti zake zote hadi sekunde za mwisho. Weka dakika ya 7 na ya 3, halafu tuone mezani watasemaje.

#38 MezaniKwanza
Dakika ya 7 sawa. Ya 3 napinga, nakuja na sababu nikipata muda wa kuandika.